Ng'ombe wa Nyama Katika Baridi Kali: Hesabu ya Manyoya, Upepo na Hei

Mtu asiyezoea theluji akiona ng'ombe wamesimama nje, hewa iko nyuzi 15 chini ya sifuri na migongo yote imekuwa myeupe, huwaonea huruma. Aliyelea kundi kwa miaka mingi huiangalia theluji ile ile akaridhika: ikikaa mgongoni bila kuyeyuka, ina maana joto la mwili halitoroki na manyoya yanafanya kazi yake. Siku inayomkosesha usingizi ni nyingine kabisa. Ni siku ya nyuzi 2 juu ya sifuri, rasharasha zinanyesha tangu alfajiri, upepo haukatiki, na manyoya yamelala yakagandamana na ngozi. Ukisoma kipimajoto utasema leo afadhali. Ng'ombe hawaoni hivyo.

Ugumu wa kulisha ng'ombe wa nyama wakati wa baridi umejificha hapo. Wengi huanza na swali la kilo: kila ng'ombe nimpe hei, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa, kiasi gani? Swali hilo halijibiki mpaka yajulikane mambo mengine kadhaa, na mengi kati ya hayo huwa yameshaamuliwa kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Nitaanza na linalowachanganya watu zaidi, yaani namna baridi yenyewe inavyohesabiwa kwa mnyama.

Kizingiti cha baridi

Joto la kawaida la mwili wa ng'ombe ni karibu nyuzi 38.5 za Selsiasi, na mwili hulilinda kwa gharama yoyote. Hewa ikiwa ya wastani, kulilinda hakumgharimu kitu: joto linalotokana na kula, kucheua na kutembea linatosha. Ikishuka chini ya kiwango fulani, mwili hulazimika kuchoma chakula zaidi ili kubaki pale pale, na chakula kikipungua, huchoma mafuta ya akiba. Kiwango hicho tukiite kizingiti cha baridi.

Kizingiti hiki hakilingani kwa ng'ombe wote, wala kwa ng'ombe huyo huyo siku zote. Mwenye manyoya mafupi ya kiangazi, au mwenye manyoya ya aina yoyote yaliyolowa, kizingiti chake ni kama nyuzi 15. Akishaota manyoya ya mwanzo wa baridi, nayo yakiwa makavu, kinashuka hadi nyuzi 7 hivi. Manyoya kamili ya majira ya baridi hukifikisha kwenye sifuri, na yakiwa mazito sana hukishusha hadi nyuzi 8 chini ya sifuri. Takwimu hizi ni za ng'ombe mwenye nyama ya kutosha mwilini. Aliyekonda huanza kuumia mapema.

Kanuni inayotumiwa na washauri wengi wa mifugo ni kwamba kila nyuzi moja ya Selsiasi chini ya kizingiti hupandisha mahitaji ya nishati kwa takriban asilimia 2. Ng'ombe akiwa amelowa, ongezeko hilo huwa maradufu. Na nyuzi zinazoingia kwenye hesabu ni zile anazozihisi mnyama upepo ukishajumlishwa, ambazo zinaweza kuwa mbali sana na zile za kipimajoto kilichotundikwa ukutani upande usiopigwa na upepo.

Chukua ng'ombe wawili wenye mimba, kila mmoja kilo 600. Wa kwanza ana manyoya mazito na makavu, na baridi anayoihisi ni nyuzi 23 chini ya sifuri. Yuko nyuzi 15 chini ya kizingiti chake, kwa hiyo anahitaji nyongeza ya nishati ya karibu asilimia 30. Wa pili amelowa chapachapa, na hewa iko sifuri tu. Naye yuko nyuzi 15 chini ya kizingiti, kwa sababu kizingiti chake kimepanda hadi 15 mara manyoya yalipolowa. Ila yeye nyongeza yake inakaribia asilimia 60. Yule aliye kwenye baridi ya kugandisha kope anahitaji nusu tu ya nyongeza ya mwenzake aliyenyeshewa.

Wa kwanza unaweza kumlisha akavuka. Kama kawaida yake ni kilo 12 za hei nzuri kwa siku, ataongezewa tatu na nusu hivi, na tumbo litazipokea. Wa pili huwezi kumwokoa kwa hei peke yake, maana hakuna ng'ombe anayeweza kuongeza ulaji wake kwa zaidi ya nusu ndani ya usiku mmoja. Huyo anahitaji mahali pakavu pa kulala na kitu cha kumkinga na upepo, na hata akivipata ataendelea kuchoma mafuta yake mwenyewe mpaka manyoya yakauke.

Yaliyotokea South Dakota, Marekani, mwanzoni mwa Oktoba 2013 ni hesabu hiyo hiyo ikiwafikia wafugaji wengi kwa mpigo. Ng'ombe wengi walikuwa bado kwenye malisho ya kiangazi yaliyo wazi, manyoya ya baridi hayajaota. Ilianza mvua baridi iliyowalowesha hadi ngozini, kisha ikageuka theluji nzito yenye upepo mkali. Wakafa kwa maelfu. Eneo hilo hupata siku nyingi za Januari zenye baridi kuliko ile, na kundi huzivuka, kwa kuwa Januari manyoya yameshaota na theluji ni kavu.

Tanuri lililo tumboni

Tumbo la kwanza la ng'ombe, lile kubwa liitwalo rumeni, ndilo tanuri lake. Ndani yake vijiumbe visivyohesabika huvunjavunja nyuzinyuzi za majani, na kazi hiyo hutoa joto jingi. Hei hutoa joto zaidi la namna hii kuliko nafaka, ndiyo maana mfugaji anayejua anachofanya, akisikia baridi inakuja, hukimbilia robota la hei kabla ya gunia la shayiri. Joto hilo hufika kilele saa kadhaa baada ya ng'ombe kula. Ukiwalisha asubuhi, tanuri linawaka mchana ambapo halihitajiki sana. Ukiwalisha jioni, linawaka usiku wa manane.

Kulisha jioni kuna faida nyingine ambayo watu huishangaa: ng'ombe wengi zaidi huzaa mchana. Gus Konefal, mfugaji wa Manitoba nchini Kanada, ndiye aliyeipa umaarufu njia hii, na bado inaitwa kwa jina lake. Alilisha mara mbili, karibu na adhuhuri na tena usiku kabla ya kulala. Kwa anayezalisha ng'ombe kwenye theluji, kila ndama anayezaliwa jua likiwa juu ni usumbufu uliopungua.

Tanuri hili lina sharti moja ambalo likivunjwa huzimika, nalo ni protini. Vijiumbe vya tumboni navyo ni viumbe hai, vinahitaji kula. Chakula kikiwa na protini chini ya asilimia 7, vinadhoofika, majani yanameng'enywa polepole, tumbo halimwagi upesi, na ng'ombe anaacha kula kwa sababu hana nafasi. Mabua ya ngano au ya shayiri mara nyingi yana asilimia 3 hadi 5 tu. Ng'ombe wa kilo 600 anaweza kula hei nzuri hadi asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 15. Mabua hawezi kuyapita kilo 9 hivi, tena kila kilo ikiwa na nishati pungufu. Kwa hiyo baridi inamdai ale zaidi, na chakula alichowekewa kinamzuia kula hata kiasi cha kawaida.

Matokeo yake ni kifo cha ajabu kukisikia: ng'ombe anakufa kwa njaa tumbo likiwa limejaa. Baridi inamsukuma aendelee kujaza mabua, maji anayokunywa hayatoshi, na ndani kunashikamana donge kavu lisilokwenda mbele wala nyuma. Kwa nje alionekana mnene, kumbe lililotuna ni tumbo. Mfugaji anakuta mzoga pembeni ya rundo la mabua ambalo halijaisha, na fikra ya kwanza inayomjia ni ugonjwa.

Simaanishi mabua hayafai. Yana bei nafuu, yanatoa joto, na ukiyachanganya na kitu chenye protini yanaweza kuwa sehemu kubwa ya chakula cha ng'ombe mwenye mimba changa. Kilo moja au mbili za mashudu ya soya au ya kanola, au kilo chache za hei ya lusani, huviamsha vile vijiumbe, na ng'ombe hupata nguvu kutoka kwenye mabua yale yale yaliyokuwa yanamziba. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu cha ziada wakati wa baridi, na hei yako ni duni, nunua protini kabla ya nafaka.

Hei nzuri haijulikani kwa macho

Rangi ya kijani hudanganya. Hei iliyokatwa imechelewa, mbegu zikiwa zimeshakomaa, inaweza kunukia vizuri na kupendeza, na bado ikawa karibu sawa na mabua. Iliyopauka juu kwa jua inaweza kuwa nzima ndani. Namna ya kujua ni kutoboa marobota 15 hadi 20 ya kila shehena kwa bomba la kuchukulia sampuli, kuchanganya kilichotoka na kukipeleka maabara kipimwe protini na jumla ya virutubisho vinavyomeng'enywa, ambayo ndiyo kipimo cha nishati. Wanaoliona jambo hili kuwa ni anasa hulipia tofauti yake kwenye ng'ombe waliokonda mwezi wa Februari.

Ukishapata majibu, kuna ngazi mbili rahisi za kukumbuka, na wafugaji wa magharibi ya Kanada huzitumia sana. Kwa nishati ni 55, 60, 65: jumla ya virutubisho vinavyomeng'enywa iwe asilimia 55 ng'ombe akiwa katikati ya mimba, 60 mwisho wa mimba, na 65 akishazaa na kunyonyesha. Kwa protini ni 7, 9, 11 kwa mpangilio huo huo. Hizi ni namba za hali ya hewa ya kawaida, kabla hujajumlisha nyongeza ya baridi tuliyoihesabu. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini hei bora inawekwa kando na kutunzwa kwa ajili ya mwisho wa majira. Kijusi hufanya sehemu kubwa ya ukuaji wake katika siku 90 za mwisho za mimba, na siku hizo mara nyingi huangukia kwenye baridi mbaya kuliko zote. Anayefungua marobota mazuri kwanza kwa sababu yako karibu na mlango atajikuta na yale mabovu wakati ng'ombe wanapohitaji yaliyo mazuri.

Kuna viwili vidogo ambavyo hei haivileti. Vitamini A hupotea kadiri hei inavyokaa ghalani. Akiba iliyo kwenye ini la ng'ombe humtosha miezi michache tu tangu aondoke kwenye majani mabichi, baada ya hapo ndama wanaweza kuzaliwa dhaifu. Na anayelisha nafaka zilizokatwa mbichi, kama shayiri iliyokaushwa au kufanywa saileji (malisho yaliyovundikwa), aangalie kalisi na magnesiamu, kwa kuwa upungufu wake huangusha ng'ombe wanaokaribia kuzaa, wakatetemeka na kushindwa kuinuka. Madini ya unga yenye mchanganyiko unaofaa hutatua yote mawili, mradi ng'ombe wanayala kweli na hayajageuka jiwe la barafu kwenye kihori.

Nafaka ina mahali pake, pale hei inapokuwa haina nishati ya kutosha hata ng'ombe akishiba. Lakini wanga ukizidi kidogo tu huvibana vile vijiumbe vya nyuzinyuzi, na ukizidi sana tumbo huwa na asidi na mnyama huugua. Kilo moja au mbili kwa ng'ombe mkubwa kwa siku, zikiwa zimeongezwa taratibu kwa wiki kadhaa, hazina shida. Maganda ya soya na makapi ya kiazisukari ni salama zaidi, kwani nishati yake imo kwenye nyuzinyuzi laini na si kwenye wanga.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kukifukuzia kipimajoto: leo baridi, mwaga nafaka, kesho joto, acha, keshokutwa mwaga tena. Tumbo la ng'ombe halipendi mabadiliko ya ghafla hata kidogo. Chakula hupangwa kwa wastani wa baridi ya wiki kadhaa. Dhoruba ya siku mbili tatu ikitangazwa, ongeza hei siku moja kabla, na uendelee kuiongeza siku chache baada ya kupita, kwa sababu walichopoteza kwenye dhoruba kinahitaji kulipwa.

Maji

Hili halihitaji maneno mengi, ingawa ndilo husahaulika. Ng'ombe mkubwa anakunywa kama lita 30 hadi 40 kwa siku hata kwenye baridi, na akinyimwa maji hupunguza kula siku hiyo hiyo. Hori la maji lililoganda usiku na likavunjwa barafu saa nne asubuhi limewanyima ng'ombe muda wa saa kumi za kunywa.

Je, theluji inaweza kuwa maji? Utafiti uliofanywa Alberta, Kanada, ulionyesha kwamba ng'ombe wanaweza kuishi kwa kulamba theluji bila kudhoofika, na wengi huko hufanya hivyo. Ila iwe theluji safi, laini na tele. Iliyokanyagwa, iliyochafuka au yenye gamba la barafu juu haifai kitu. Pia ng'ombe wanahitaji siku kadhaa kujifunza, na hujifunza kwa kuwaangalia wenzao wanaojua. Siwezi kumshauri mtu aitegemee kwa ng'ombe wanaonyonyesha au waliokonda.

Upepo na mahali pa kulala

Watu hujenga ukuta mzima wa mbao wakidhani umeuzuia upepo kabisa. Upepo ukigonga ukuta usio na upenyo huruka juu, kisha huanguka nyuma yake kwa kishindo ukizunguka, na kumwaga theluji pale pale ng'ombe walipojikusanya. Kizuizi kinachofaa kina nafasi kati ya mbao: takriban asilimia 80 iwe mbao na 20 iwe wazi. Upepo unaopenya kidogo unapoteza kasi, na kinga hufika umbali wa mara nane hadi kumi ya kimo cha kizuizi. Uzio wa mita 3 huwakinga ng'ombe mita 25 hadi 30 upande wa pili. Kwa urefu wake, weka kama sentimita 30 kwa kila ng'ombe. Safu za miti hufanya kazi hiyo hiyo kwa uzuri zaidi, ila mti haupandwi Novemba ukakinga Desemba.

Matandiko nayo hayana mbadala. Ng'ombe anayelala juu ya ardhi iliyoganda hupoteza joto kupitia tumbo, kiwele na miguu, na akilala kwenye tope analowa upande mzima. Mabua makavu yaliyorundikwa nene humkinga kwa chini kama manyoya yanavyomkinga kwa juu, na akiyatafuna mawili matatu kwa kupoteza muda hakuna ubaya. Kwa mafahali matandiko ni suala la kazi yao. Korodani zikishikwa na baridi kali hupata vidonda vya barafu, na kwa kuwa mbegu huchukua karibu miezi miwili kutengenezwa, fahali aliyeumia Februari anaweza kuingizwa kundini akiwa hana uwezo na hakuna anayejua mpaka ng'ombe wakose mimba. Afanyiwe uchunguzi wa uzazi kabla ya msimu.

Mkono ubavuni

Manyoya mazito ya baridi huficha mbavu. Kundi zima linaweza kuonekana limenenepa mbele ya macho yako huku linakonda wiki hadi wiki, hasa kama unaliona kila siku. Dawa yake ni mkono. Wapitishe kwenye kichochoro cha kubania ng'ombe, weka kiganja juu ya mbavu za nyuma na bonyeza kwa vidole kupitia manyoya. Ukihisi kila ubavu ulivyo mkali, kana kwamba ngozi imetandazwa juu ya mfupa mtupu, ng'ombe huyo hana akiba. Ukilazimika kubonyeza kwa nguvu kidogo ndipo uzihisi, yuko mahali pazuri. Kisha shika ncha za mifupa ya kiunoni, halafu pande mbili za shina la mkia, ambako mafuta hujikusanya mwisho na kuondoka mapema.

Wafugaji wa Marekani hutoa alama kutoka 1, mifupa mitupu, hadi 9, aliyenona kupita kiasi. Kwa ng'ombe anayekaribia kuzaa, alama 5 au 6 ndiyo inayotafutwa, na mtamba anayezaa mara ya kwanza afadhali awe 6, kwa kuwa bado anakua yeye mwenyewe. Alama moja ni kama kilo 40 za uzito. Kumwongezea ng'ombe mwenye alama 4 kilo hizo 40 katika siku 80 kunadai apate nusu kilo kila siku juu ya mahitaji yake. Wakati wa vuli, kabla ya baridi kuingia, hilo linawezekana, tena kwa chakula cha kawaida. Katikati ya baridi, mimba ikiwa kubwa na theluji ikiwa kiunoni, ni kumwaga fedha. Aliyeingia mwezi wa Desemba akiwa na alama 4 pengine atazaa akiwa na alama 4 au chini, maziwa yake ya kwanza yatakuwa machache, na atachelewa kurudi kwenye joto la kutaka dume ili apandwe tena.

Ndiyo sababu unene hupimwa ndama wanapoachishwa kunyonya, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Hapo pia ndipo kundi hugawanywa. Ng'ombe wana ubabe wao: wakubwa husukuma, wadogo hungoja na kula mabaki. Ukiwalisha wote pamoja, wanene watazidi kunenepa kwa chakula ulichonuia kuwapa waliokonda. Watenge mitamba na ng'ombe waliokonda, na wazee wenye meno mabovu uwaunganishe nao. Na kwa kuwa wameshapita kichochoroni, watibiwe chawa. Chawa huzaliana zaidi wakati wa baridi, na ng'ombe anayejikuna kwenye nguzo mpaka ngozi ionekane amejivua ile kinga tuliyoizungumzia tangu mwanzo.

Mongolia imeyapitia haya kwa kiwango cha nchi nzima. Katika majira ya baridi ya 2009 hadi 2010 walikufa zaidi ya mifugo milioni 8, ng'ombe miongoni mwao. Baridi ilikuwa kali kweli, na theluji ilikuwa nyingi. Lakini ilitanguliwa na kiangazi chenye ukame, kwa hiyo wanyama waliingia kwenye baridi wamekonda na nyasi zilizovunwa kwa akiba zikiwa chache.

Kugawa hei bila kuimwaga

Robota lililowekwa chini bila chochote hugeuka kitanda. Ng'ombe hulikanyaga, hulilalia, hulinyea, na sehemu kubwa haifiki mdomoni. Jaribio la Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan lililinganisha vihori vya aina nne vya marobota ya mviringo: kihori chenye umbo la pia kilipoteza asilimia 3.5 ya hei, cha pete 6.1, cha tela 11.4, na cha susu 14.6. Kwa mwenye marobota mia tatu, tofauti ya cha kwanza na cha mwisho ni zaidi ya marobota thelathini.

Wengine wameamua kutopeleka hei zizini kabisa. Marobota hupangwa malishoni vuli, yakiwa na nafasi kati yake, na ng'ombe hufunguliwa machache kwa wakati kwa kusogeza waya wa umeme. Samadi hubaki shambani penyewe, trekta haiwashwi kila asubuhi ya barafu. Au shayiri hukatwa ikaachwa imelala kwa mistari, na ng'ombe huifukua theluji wenyewe. Naipenda njia hii kwa mwenye ng'ombe wazima na ardhi yenye miti ya kukinga upepo. Hofu yangu ni mvua katikati ya baridi, ikaganda juu ya mistari ile ikawa kioo. Ng'ombe hawezi kuvunja gamba la barafu kwa pua kutwa nzima, kwa hiyo lazima kuwe na marobota ya akiba mahali trekta inapofika.

Ndama na mwisho wa majira

Ndama huzaliwa amelowa, na hesabu ile ya aliyelowa inamhusu yeye kuliko yeyote. Ana akiba ndogo ya mafuta maalumu ya kuzalisha joto, inayomtosha saa chache. Ndani ya muda huo anatakiwa alambwe, asimame, anyonye dang'a. Matumbo yake hupokea kinga iliyo kwenye dang'a kwa wingi katika saa 6 za mwanzo, na baada ya saa 24 mlango huo umefungwa. Asiyenyonya mwenyewe apewe kama lita 2 mapema iwezekanavyo na nyingine 2 kabla ya saa 12 kwisha. Kidole kikiingia mdomoni na kukuta ubaridi, tia kipimajoto mkunduni. Chini ya nyuzi 35 hali ni ya dharura, atumbukizwe kwenye maji ya vuguvugu ya karibu nyuzi 38 hadi 40, kisha akaushwe kabisa kabla hajarudi kwa mama yake.

Baridi ya mwisho ndiyo yenye hila zaidi. Manyoya yameanza kunyonyoka, kizingiti kimepanda tena, ng'ombe wananyonyesha, mvua na theluji zinapokezana, na hei imebaki kidogo. Halafu majani ya kwanza yanachomoza na ng'ombe wanaanza kuipa hei kisogo wakiyafuata. Majani hayo ni maji kwa sehemu kubwa. Ng'ombe anatembea siku nzima akiyatafuta na jioni amekula nishati kidogo kuliko aliyotumia. Bakiza hei ya wiki kadhaa kupita tarehe unayodhani utaihitaji, na usifungue lango mpaka nyasi zifike angalau sentimita 15.